Kituo Kilichotangulia Treni: Risala ya Wakaazi wa Stesheni

Mgeni Rasmi, Mheshimiwa Bi Yumna Jawad, Sheha wetu, walimu wetu, wazee wetu wanawake na wanaume, na nyote mlioacha karafuu juani mkaja kutusikiliza: Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

MAKARIBISHO

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, sisi wakaazi wa Stesheni tumefurahi kukuona. Tumefurahi zaidi kwa kuwa umefika saa ile ile uliyosema. Jambo hilo sisi tunalithamini kuliko watu wa vijiji vingine, kwa sababu utakazozisikia katika risala hii.

Tumekuletea kiti kutoka skuli. Si kwamba tumezidharau baraza hizi mbili za mawe, la. Ni kwamba zimejengwa zikitazamana zenyewe kwa zenyewe, na mtu akikaa hapo anawapa mgongo watu wote walioko uwanjani. Kwa nini baraza za stesheni zitazamane badala ya kutazama njia ya treni, hilo nalo tumejiuliza mwaka mzima, na jibu tunalo.

Mkono wako wa kulia kuna jiwe la kumbukumbu lililofunikwa kitambaa. Mkono wako wa kushoto kuna mlango wa kijani uliofungwa. Tunajua idara yako ya mambo ya kale imekutuma kutoka Unguja kwa ajili ya jiwe. Tunakuomba, kabla hujalifunua, utusikilize habari ya mlango. Nyuma yake mna chumba ambacho tumekitengeneza ili wanawake wa hapa wajifungulie, na hakina mkunga. Jiwe hilo, kwa maneno yaliyochongwa juu yake, litakifunga chumba hicho moja kwa moja. Tumeona tuseme mapema, ili usikae ukijiuliza hawa wanazunguka nini.

Risala hii inasomwa na Khairat Maher, katibu wa kamati ya kijiji. Imeandikwa na watu watatu na kufutwafutwa na watu wote. Mzee Mjaka, mwashi wetu, ameomba nisome pole pole, kwa sababu kuna mahali anataka kusikia vizuri.

HISTORIA KAMA TULIVYOKUWA TUKIISEMA

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, miaka ishirini na sita iliyopita alikuja mgeni mwengine hapa, akasomewa risala nyengine. Iliandikwa na marehemu Maher Jabir, ambaye ni baba wa huyu anayekusomea leo. Nakala yake tunayo. Inasema hivi: "Katika kituo hiki treni ilikuwa ikipita mara mbili kwa siku, asubuhi na alasiri, isipokuwa siku ya Ijumaa. Ilipakia karafuu na abiria hadi bandarini. Watu wa kijiji hiki walizoea usafiri wa kisasa kabla ya wengi, na kwa hivyo hawastahili kubaki nyuma katika elimu."

Mgeni yule aliguswa. Alisimama akasema watu waliopanda treni zama zile hawawezi kuacha watoto wao wakasome chini ya makuti. Mwaka uliofuata tukajengewa skuli yenye madarasa manne.

Ile risala ikaingia kwenye faili. Faili likaenda ofisini. Kutoka ofisini ikachapwa kwenye kijitabu, na kutoka kwenye kijitabu, tunadhani, ndipo maneno yalipohamia kwenye jiwe lako. Tuliruhusiwa kulisoma juzi, lilipoteremshwa kwenye gari. Linasema treni ilipita hapa mara mbili kwa siku. Hata ile Ijumaa imo.

Mheshimiwa, treni haijapata kupita hapa. Si mara mbili kwa siku wala mara moja kwa karne.

HISTORIA KAMA TULIVYOIKUTA

Aliyeanza kuuliza ni Raniya Mmanga. Yupo hapa, safu ya pili, amevaa kanga ya rangi ya machungwa. Ametupa ruhusa kumtaja, na tutamtaja tena.

Mwaka jana, baada ya mvua za masika, tulifanya msaragambo, kijiji kizima kwa pamoja, kuusafisha ukumbi wa stesheni. Popo walikuwa wameshajifanya wenye nyumba. Raniya ndiye aliyekuwa akikwangua ukuta wa mbele, akitafuta dirisha la tiketi. Alitaka liwe dirisha la kutolea dawa. Alikwangua tangu asubuhi hadi adhuhuri, kisha akamwita Mzee Mjaka.

"Babu Mjaka, hebu nambie. Tiketi zikikatwa wapi hapa?"

"Zikikatwa... aa, n'ngoje nitazame."

Mzee Mjaka alizunguka jengo mara tatu. Huyu ni mtu ambaye ukimwonesha kuta anakwambia upi ulijengwa na fundi mvivu na upi ulijengwa na fundi aliyegombana na mkewe. Alirudi ameshika kiuno.

"Hakuna tundu, mjukuu wangu. Hata la kupitisha kidole."

"Basi watu wakipanda bure?"

"Hilo ndilo na mie najiuliza."

Kuanzia hapo, Mheshimiwa, kijiji hakikulala kwa swali hilo. Kila mtu akawa mpelelezi. Watu waliokuwa wakipita hapa miaka hamsini bila ya kutazama, wakaanza kuinama na kupima kwa shubiri. Mzee Mjaka akatazama ukingo wa jukwaa, huo ambao kila msimu tunaanika karafuu juu yake. Akasema chokaa ya ukingoni ni ile ile ya siku ya kwanza, haijapata kugongwa hata na gari la ng'ombe. Tukapima kimo cha jukwaa. Hakilingani na treni yoyote tunayoijua kwa picha, lakini kinalingana sawasawa na kimo cha baraza za nyumba za zamani za hapa. Ndani ya ukumbi tukakuta vidaka sita vya kuwekea taa, na pembeni ya mlango kibirika kidogo cha kuoshea miguu. Nani anaosha miguu ili apande treni?

Ikabaki kengele ya skuli. Wengi wetu tulikuwa tukiitegemea, kwa sababu kengele ile ni kipande cha reli, chuma kizito kabisa, na kila mtoto wa hapa amekua akiambiwa: unaona, hiyo ndiyo reli yetu. Tukaishusha. Mzee Mjaka akaitazama, akakiri mbele ya kamati.

"Hiki kipande kakinunua baba yangu Unguja. Reli ya Bububu ilipong'olewa, vyuma vikauzwa. Kakileta afanye fuawe ya kufulia chuma. Mie ndiye niliyekipeleka skuli, na sikusema kitu, kwa kuwa nilimwona Maher kafurahi."

Tulichimba Jumapili mbili. Tulichimba uwanja huu wote, kutoka hapo kwenye mfenesi hadi njiani. Hatukupata reli, wala msumari wa reli, wala kokoto zake. Tulipata tanuri la kuchomea chokaa, kata ya kibuyu iliyovunjika, na kikombe cha kahawa kisicho na mkono. Basi tukawa na stesheni, na hatuna treni, na hatujui ni kwa nini mtu ajenge mlango wa kitu kisichokuwepo. Tunakiri kwamba hata mashamba yalichelewa kupaliliwa. Tulitaka kujua.

Aliyekuwa akijua alikuwa kimya. Ni mama yetu Bi Zuweina, aliyekaa karibu yako, mwenye miwani. Ana miaka themanini na minane. Shamba hili lote la mikarafuu zamani lilikuwa la babu yake, Sheikh Turki. Tulikuwa tumeshamuuliza mara mbili, na mara zote mbili alitupa halua tukasahau swali. Mara ya tatu alikwenda Raniya peke yake, tumbo limeshaanza kuonekana, akakaa chini, akakataa halua.

Bi Zuweina akamtazama, kisha akafungua kasha. Alitoa bahasha ndani ya kanga, na ndani ya bahasha mlikuwa na barua mbili. Ya kwanza ni nakala ya barua ya babu yake kwa ofisi ya serikali ya wakati huo, Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Mwalimu wetu wa madrasa ameisoma, na tunainukuu kama ilivyo:

"Ama baada ya salamu, twakuarifu kwamba vigingi vya mpimaji wako tumevihifadhi, hakuna ng'ombe aliyeving'oa. Na kituo tumekwisha kujenga. Ukumbi upo, baraza zipo mbili, na birika la maji lipo, maana tumeambiwa injini inakunywa sana. Kilichobakia ni treni. Twaomba utujulishe siku itakayofika, tupate kupika."

Mheshimiwa, tuliposomewa hayo mara ya kwanza tulicheka mpaka tukashika mbavu. Kisha mmoja wetu akaomba isomwe tena, na safari hii hakuna aliyecheka.

Mambo yalikuwa hivi, kwa mujibu wa Bi Zuweina. Yapata miaka mia moja iliyopita alikuja mpima ardhi. Alipiga vigingi safu mbili: moja ikipita kwetu, na nyengine ikipita kijiji cha jirani ng'ambo ya bonde. Alikunywa kahawa kwa Sheikh Turki, akaulizwa treni itapita wapi. Akasema bado haijaamuliwa, na huenda ikaja na huenda isije. Alipoondoka, watu walikutana. Wakasema: sisi tukiwa na kituo na wale hawana, treni itapita wapi? Itapita kwetu, maana haitaweza kukipita kituo kilicho tayari, kama mtu muungwana asivyoweza kupita mlango ambao chakula kimeshapakuliwa kwa ajili yake. Hakuna kati yao aliyewahi kuiona treni. Walichokijua ni namna ya kumpokea mgeni. Ndiyo maana baraza zinatazamana: abiria watazungumza. Ndiyo maana pana maji ya kuoshea miguu na vidaka vya taa. Na dirisha la tiketi halipo kwa sababu haikuwajia akilini kwamba mgeni anaweza kudaiwa kitu mlangoni.

Walijenga kwa miezi mitatu. Jirani zetu waliposikia walicheka sana, ingawa Bi Zuweina anasema walikuwa na wao wameshaanza kuchoma chokaa.

Tulimuuliza kwa nini aliificha barua hii muda wote huo. Tunayaandika maneno yake kama alivyoyasema.

"Mie naona haya, wanangu. Babu yangu kasubiri mpaka kafa. Kila Ijumaa akivaa kanzu akenda kukaa pale barazani. Watu wangemcheka hata kaburini."

Mzee Mjaka ndiye aliyemjibu.

"Bi Zuweina, wa kumcheka babu yako itabidi amcheke na wangu, maana ndiye aliyebeba mawe."

Hapo ndipo Bi Zuweina alipoigeuza barua. Nyuma yake Sheikh Turki aliandika majina ya wote waliojenga, ili serikali iwajue. Ni majina ishirini na matatu. La nne ni Mjaka bin Hamad, mwashi. Mheshimiwa, hapa ndipo mahali ambapo Mzee Mjaka ametaka kusikia vizuri. Katika kijiji hiki daima ilisemwa kwamba kituo kilijengwa na Sheikh Turki, kana kwamba aliponda chokaa mwenyewe. Mjukuu wa mwashi alifika miaka sabini na moja bila ya kuliona jina la babu yake limeandikwa popote. Siku ile alilia mbele yetu sote, na hakuficha uso.

Barua ya pili ni majibu ya ofisi. Ni mstari mmoja na muhuri: "Barua yako imepokelewa na jambo lako linashughulikiwa."

MAFANIKIO

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, pamoja na yote hayo kituo chetu kina mafanikio, na tunaomba tujisifu kidogo. Tangu kijengwe, hakijapata kuchelewesha treni hata moja. Ajali haijatokea. Abiria hajapotelewa na mzigo.

Birika lililojengwa kwa ajili ya injini halijakauka. Injini haikunywa hata tone, tumekunywa sisi, na mama zetu, na bibi zetu. Kiangazi kile kikubwa ambacho visima vya pande hizi vilitoa tope, watu walikuja hapa na ndoo kutoka Gando. Jukwaa limeanika karafuu za vizazi vinne, na halina mfano kwa kukausha, kwa sababu linapata jua tangu asubuhi na halishiki maji. Skuli tunayo, ingawa sasa mnajua tuliipataje, na watoto wetu wawili wapo chuoni.

Na ukumbi tumeutengeneza. Popo wamehama. Mzee Mjaka amezipiga chokaa kuta zote kwa mikono yake. Jabir, seremala wetu, ametengeneza kitanda cha kujifungulia kwa kufuata picha aliyooneshwa kwenye simu, na amekijaribu kwa kulala juu yake mwenyewe, jambo ambalo wanawake wa kijiji hawajaacha kumtania. Bomba limetoka birikani hadi ndani. Madirisha yana nyavu. Mlango ameupaka rangi Raniya, na rangi ya kijani ameichagua yeye.

CHANGAMOTO

Sasa tunaingia mahali ambapo risala nyingi huorodhesha. Sisi hatutaorodhesha.

Miaka mitatu iliyopita walikuja maofisa wa afya, watu wema, wakaupima ukumbi huu na kuweka alama za rangi nyekundu ukutani. Walisema kijiji kikiwa na chumba safi, kitanda na maji, huenda kikaletewa mkunga. Walipima na kwa jirani zetu ng'ambo ya bonde. Basi tukakutana, Mheshimiwa. Tukasema: sisi tukiwa na chumba na wale hawana, mkunga atakwenda wapi?

Wallahi wakati huo hatukuwa tumeiona barua ya Sheikh Turki. Hatukuiga. Tumefanya lile lile kwa sababu ndivyo tulivyo.

Tulianza kukusanya mbao pole pole, tukidhani siku zipo nyingi. Ukapita msimu mmoja, ikapita miwili. Halafu ikaja masika ya mwaka jana. Raniya alishikwa na uchungu baada ya sala ya alasiri. Mumewe, Usama, alimpakia kwenye bodaboda kwenda Wete, na Bi Shamima, mkunga wetu wa jadi ambaye macho yake hayaoni tena vizuri, akafuata kwenye bodaboda nyengine. Njia ilikuwa tope tupu. Penye mteremko wa pili pikipiki ilizama hadi katikati ya magurudumu, na mtoto akazaliwa chini ya mgomba kando ya njia, mvua ikinyesha. Alikuwa wa kike. Aliishi muda wa kutosha kuadhiniwa sikioni. Sisi tuliokuwepo tulimzika siku ya pili asubuhi.

Baada ya arubaini yake, Raniya alikuja mwenyewe kwenye kamati. Hakulia. Alisema, "Nipeni kikwangulio, nianze ule ukuta." Ndivyo msaragambo ulivyoanza, na ndivyo alivyofika kwenye dirisha lisilokuwepo.

Chumba kilipokamilika tuliandika barua kuomba mkunga. Jina la ofisi hatulitaji, maana waliomo ni watoto wetu na ndugu zetu na wana kazi nyingi. Ila majibu yalikuja baada ya miezi miwili, na tunayasoma: "Barua yenu imepokelewa na ombi lenu linashughulikiwa." Tumeiweka barua hii na ile aliyojibiwa Sheikh Turki kwenye fremu moja, ukutani humo ndani. Karatasi hazifanani, mihuri haifanani. Raniya alipoziona pamoja alicheka kwanza. Kisha akaweka mkono tumboni, akatoka nje.

Mimba yake hii mpya ina miezi minane sasa. Mvua za vuli zimekaribia.

Ndipo jiwe likaja. Mstari wake wa mwisho unasema kwamba jengo hili ni kituo cha kihistoria cha reli na hairuhusiwi kubadili matumizi yake. Hatumlaumu aliyelichonga. Aliamini tulichomwambia. Uwongo tuliosema ili tupate skuli ndio unaotaka kutufungia chumba cha uzazi, na hakuna wa kumshitaki isipokuwa sisi wenyewe.

Tunakiri pia kwamba hatukukubaliana haraka kuusema ukweli huu mbele yako. Tulikaa humo ukumbini alasiri mbili tukibishana. Mzee Mjaka alikuwa upande wa kunyamaza.

"Uwongo umetupa skuli," alisema. "Ukweli umempa nini Sheikh Turki? Kaandika kweli tupu, kajibiwa mstari mmoja. Semeni treni ikipita. Semeni mara tatu kwa siku. Kisha mkunga kamuombeni pahala pengine."

Ilikuwa vigumu kumpinga. Huyu katibu anayesoma alikuwa akimfikiria baba yake, ambaye hakuwa mtu muongo, ila alikuwa na watoto sita wanaosoma juu ya mchanga. Aliyejibu ni Raniya.

"Babu, skuli ni mawe, ikishajengwa haiondoki. Mkunga ni mtu. Akiletwa kwa uwongo, siku ukijulikana ataondoka. Mie namtaka wa kukaa."

Tulipiga kura kwa kunyanyua mikono. Wa mwisho kunyanyua mkono alikuwa Mzee Mjaka, lakini aliunyanyua.

OMBI

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ombi letu ni moja, ingawa lina mikono miwili.

Kwanza, usilifunue jiwe. Lirudi na maneno yake, nasi tuko tayari kuonekana wajinga kwenye faili. Badala yake tumeandaa ubao, ameuegemeza Jabir hapo nyuma ya kiti chako. Umeandikwa: "Kituo hiki kilijengwa na watu ishirini na watatu waliomsubiri mgeni. Mgeni hakuja. Maji yake tunayanywa." Chini yake yapo majina yote ishirini na matatu, na jina la nne limeandikwa kwa mkono wa mjukuu wake. Kama serikali inataka kuhifadhi historia, historia yenyewe ndiyo hiyo. Na matumizi ya jengo hayatabadilika hata kidogo, kwa sababu tangu siku ya kwanza lilijengwa kwa ajili ya kumpokea anayefika.

Pili, utusemee huko unakokwenda. Tunajua ukunga si kazi ya idara yako. Lakini wewe umekaa hapa, umeona, na umesikia jina la Raniya. Barua haijamwona mtu.

Tunajua unaweza kukasirika. Umesafiri kwa ajili ya jiwe na sasa tunakwambia usiliguse, mbele ya kamera ulizokuja nazo. Ukikasirika tutaelewa, na pilau utakula vile vile. Hatupendi kuficha: tunaogopa. Tunaogopa kwamba safari hii tumesema kweli na hatutapata kitu.

HITIMISHO

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, wazee wametaka risala ifungwe kwa maneno ya Sheikh Turki, kwa sababu hatukuweza kuandika yaliyo bora kuliko hayo. Tumebadilisha kidogo tu.

Ama baada ya salamu, twakuarifu kwamba alama nyekundu za wapimaji tumezihifadhi, hata chokaa mpya hatukuipitisha juu yake. Na chumba tumekwisha kutengeneza. Kitanda kipo, nyavu zipo, na maji yapo, yale yale. Ufunguo wa mlango wa kijani anao Raniya mkononi, na anasimama sasa hivi kukuletea. Kilichobakia ni mkunga.

Mwenyezi Mungu akupe afya, akurudishe kwako salama, awajaalie wajawazito wote wa kisiwa hiki wajifungue kwa wepesi, na awarehemu waliojenga kabla yetu, na yule mdogo wa kando ya njia ambaye hakupata jina.

Twaomba utujulishe siku atakayofika, tupate kupika.

Ni sisi,
Wakaazi wa Stesheni, Pemba.